Nani Hajasema?

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, muuguzi mkufunzi wa wodi yetu ya wanawake anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wanafunzi humwita Mama Duara, naye hujifanya hajui.

Alipoanza, wanafunzi wa udaktari walipita wodini asubuhi, wa uuguzi mchana, wa famasia jioni, na mgonjwa akajibu maswali yaleyale mara tatu. Yeye akawakusanya wote kukizunguka kitanda kimoja, saa mbili asubuhi. Mdogo kwa cheo husema kwanza, daktari bingwa mwisho. Kabla hawajatawanyika, Mama huuliza: "Nani hajasema?"

Kazi hakuzibagua. Daktari mtarajiwa mmoja, leo bingwa wa upasuaji, alitandika kitanda ovyo hata mgonjwa akainuka kumsaidia. "Mwanangu," Mama alimwambia, "shuka limekushinda, tumbo la mtu utaliweza?"

Mwaka jana duara hilo lilipata mtihani wake. Vitanda vya nane na tisa vilikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja. Karani wa mafaili, mgeni kazini, akayapachika mafaili yao kinyume. Aligundua akiwa mlangoni, sindano ya penisilini ya kitanda cha tisa ikiwa tayari kwa mgonjwa wa kitanda cha nane, ambaye dawa hiyo ingeweza kumuua. Karani alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kusema ni kujifukuzisha kazi. Akanyamaza.

Mama akauliza swali lake, akawazungushia wote macho, yakatua mlangoni. "Na wewe wa mafaili, mwanangu?"

Karani akasema. Sindano ikarudishwa kwenye trei. Mama hakumfokea, wala hakumfichia: alimtaka aandike taarifa ya kosa lake kabla ya chakula cha mchana, kisha akawaambia wanafunzi wasogee, wampe nafasi kwenye duara. Tangu siku hiyo hapa hachomwi mtu sindano kabla hajataja jina na tarehe yake ya kuzaliwa. Mgonjwa yule alirudi nyumbani kwa miguu yake, bintiye akimbebea mfuko.

Wengi wameuliza ni nani atalifunga duara kwa swali hilo kuanzia Jumatatu. Karani yule, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu, bado ni mwoga. Lakini ameahidi: kimya kikizidi, na wakubwa wakisahau, atauliza yeye.

Asante, Mama. Nenda ukapumzike salama, na maisha yakuendee vyema.