Aliyebeba Kapu

Kijiwe chetu kiko Sakina, kando ya barabara ya Namanga, mbele ya gereji ya Injini. Ni benchi moja refu, birika la kahawa la Selemani juu ya mkaa, na wanaume wanaojua kila kitu kuhusu watu wasiowajua, mimi nikiwemo. Sharti la hapa ni kwamba jina ulilopewa na mama yako linabaki nyumbani. Ukikaa nasi kidogo tunakupa letu, na hakuna atakayekuuliza lile jingine. Asubuhi hiyo mlima Meru ulikuwa umefunikwa na wingu zito, na gumzo lilikuwa wale wanandoa wa Dar, Ezra na Jackline. Walikuja kupumzika kwenye lodji ya hifadhini, juzi wakaenda matembezi mafupi kuona maporomoko, mvua ikapiga, ardhi ikaporomoka, hawakurudi. Nchi nzima ilikuwa inawatafuta kwenye simu.

— Hawajapotea hao, akasema Redio, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Wanatafuta kiki. Wamejificha mahali wanakula kuku. Watu wakishalia vya kutosha, watajitokeza.

— Kiki na mvua ile? akauliza Injini huku akifuta grisi vidoleni. Mlima umemeguka, chalii yangu. Mimi nilisikia mpaka hapa.

— Ulisikia eksozi ya fuso.

— Nilisikia mlima.

Mchungaji akakohoa ili apewe nafasi. Hana kanisa, ila akishika kuombea kikombe, kahawa inapoa.

— Mimi namtazama yule mwanamke, akasema. Mtu hatoki Dar na buti za pinki akapande Meru kwa nia njema.

— Si pinki, ni zambarau. Redio alishatoa simu. Tazama mwenyewe. Na koti la mume lina mstari wa njano begani. Saa kavaa mkono wa kulia. Mimi hawa nawajua.

Tukainama wote kwenye kioo. Kweli, mstari ulikuwa wa njano.

— Saa mkono wa kulia, akasema Injini. Huyo ana mke mwingine Nairobi. Wamezunguka mlima kwa nyuma, wametokea Longido, wamevuka mpaka na ng'ombe wa watu. Sasa hivi wako Kajiado wanakula nyama.

— Kwa miguu?

— Mapenzi hayana gari.

— Mlima ule haupendi watu wanaoshikana mikono, akasema Mchungaji. Unawaona, unanuna.

— Nyie watoto, akasema Redio, na sauti ikashuka. Chini ya lodji kuna shimo. Kuna watu wanachimba madini usiku. Hawa walikwenda kupiga picha wakaliona. Unafikiri ataachwa mtu hapo?

Mimi nami nikaona nisibaki nyuma. Nikasema chui.

— Chui hali buti, akasema Selemani. Zingeonekana.

Hilo lilituumiza kidogo, kwa sababu Selemani huongea mara chache na huongea akiwa ameshika kahawa yetu.

— Leo hatuna wa kutuamulia, akasema Injini, akiuonyesha mwisho wa benchi. Sawa angekuwepo angetumaliza.

Bwana Sawa ni mwenzetu wa vibarua. Leo anabeba mifuko ya saruji, kesho anachimba msingi wa mtu. Anakaa ukingoni, anasikiliza kila mmoja, kisha anasema "sawa", na kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda. Hatukuwa tumemwona tangu juzi. Tulijua kapata kazi, atarudi.

Simu ya Redio ikalia, naye akasimama.

— Wamepatikana. Wote wawili, wazima.

— Longido?

— Wapi Longido. Kwenye kibanda cha wavuna asali, ng'ambo ya korongo. Wamelowa tu. Wako lodjini wamefunikwa mablanketi.

Mchungaji akatazama juu kama aliyetia saini jambo hilo mwenyewe. Injini alinuna kwa ajili ya Longido yake. Tulifurahi, sitasema uongo, ila tulifurahi kama watu walionyang'anywa sahani. Selemani akamimina upya, na Redio akaanza kurudi kwenye penalti ya mechi ya Jumapili, tuliyokuwa tukiibishania tangu juzi.

Hapo ndipo akaja mwanamke, shuka limefungwa begani, kandambili zimejaa tope la Kisongo. Mkononi alishika simu ndogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Natafuta kijiwe anachokaa mume wangu. Anaitwa Koikai.

Tukatazamana.

— Hapa hakuna Koikai, akasema Injini. Jaribu kule kwa mafundi tairi.

— Aliniambia mbele ya gereji. Aliniambia hapa ana ndugu zake.

Akatoa picha ndogo ya kitambulisho kutoka kifuani. Injini aliipokea, akaisogeza karibu na macho, kisha akampa Mchungaji. Ilipofika kwangu nilikuwa nimeshajua.

— Ni Sawa, nikasema.

— Mimi ni Nashipae, mke wake. Nilikuwa Kisongo namuuguza mama. Juzi asubuhi alinipigia, akasema kuna gari la lodji limemkuta kijiweni, linataka mtu wa kuwabebea wageni kapu la chakula. Akasema yuko na nyinyi, anamalizia kahawa. Ni kweli aliondokea hapa?

Ndiyo, aliondokea hapa. Nililiona gari lile. Nadhani hata alituaga.

— Lakini wamesema wamepatikana wote, akasema Redio.

— Wote wawili, akasema Nashipae. Yeye hajapatikana.

Magari ya Namanga yalipita. Redio akaweka kikombe chini.

— Askari wa hifadhi wamepata nguo korongoni, akaendelea. Imebanwa kwenye magogo na tope. Wanataka kujua kama ni yake. Kama ni yake wanachimba pale pale, kama siyo wanateremka chini kwenye maji. Hawawezi kufanya yote, mvua inarudi. Wageni wamesema alikuwa anatembea nyuma yao. Mke anasema alivaa kahawia, mume anasema hakumbuki. Na mimi sikuwepo. Nimekuja kuwauliza nyinyi. Alivaa nini?

Simu mkononi mwake ilikuwa bado hewani. Askari wa upande wa pili alikuwa anapumua, anangoja.

— Koti jeusi, akasema Injini.

— Sweta, akasema Mchungaji. Sweta la kijani.

— Kijani ni lile la mwezi uliopita, akasema Redio. Juzi alikuwa na... Akaigusa simu yake mfukoni, akauacha mkono humo humo.

Nashipae alimgeukia kila mmoja wetu, taratibu, kwa adabu, kisha akamgeukia Selemani.

— Nilimpa kikombe, akasema Selemani. Naukumbuka mkono tu, mama. Una kovu hapa.

— Kovu nalijua.

Akanifikia mimi. Nilikaa naye bega kwa bega asubuhi ile. Nilihisi joto lake kwenye benchi, maana kulikuwa na baridi. Nikafumba macho nitafute rangi, rangi yoyote, na nilichokiona ni mdomo wangu mwenyewe ukibishana kuhusu penalti. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuijua.

— Mama, ikasema sauti kwenye simu. Rangi gani? Vijana wako tayari na majembe.

Nashipae alichukua picha yake mikononi mwangu, akaifuta kwa shuka, akairudisha kifuani. Kisha akaweka simu sikioni.

— Mtafuteni hivyo hivyo, baba, akasema. Huku hakuna aliyemwona.