Bwana Modesti na Mayai ya Alama za Mkaa

Kwanza naomba radhi: waraka huu umenyamaza tangu Septemba, mashine ya chapa ilipoharibika. Unarudi na habari kubwa. Tarehe 31 Machi 1954, Bwana Modesti Nikodemu, mtunza kuku wa kituo chetu cha mifugo hapa Rasbura, atastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita.

Alikuja kutoka Newala mwaka 1928, akaajiriwa kufagia mabanda. Baada ya mwaka mmoja alikabidhiwa funguo, kwa kuwa hakuna aliyewatazama kuku kama yeye. Kuku akishinda kiotani, akavimbisha manyoya, akadonoa mkono wa kila amkaribiaye, wengine walimwita mgonjwa au mkaidi. Bwana Modesti alisema kuwa kuku huyo anataka watoto, na ni juu yetu kuamua kama nasi tunawataka.

Tukiwataka, alimtafutia mahali pa kimya, akampa mayai kumi au kumi na mawili, kadiri awezavyo kuyafunika, na majivu ya kuogea ili utitiri usimsumbue. Tusipowataka, alimweka siku tatu katika tenga lililotundikwa, upepo ukipita chini, pamoja na maji na chakula, mpaka hamu ya kuatamia ikamwisha. Desturi ya kumtosa kuku majini aliichukia. Bi. Mwahija, jirani muuza vitumbua, alimleta tetea wake akiwa amelowa chapachapa, akalalamika kwamba amemtosa mara tatu na bado analalia kiota kitupu. Alikaripiwa kwa adabu, akarudi nyumbani bila kuku. Siku ya nne alimchukua akiwa mzima. Tangu hapo wanawake wa mtaa humwita Bwana Modesti mkunga, na mkewe, Bi. Rosalia, huulizwa sokoni kama mkunga amelala nyumbani au bandani.

Kuku wengine hupenda kutaga katika kiota cha mwenzao anayeatamia. Kwa hiyo Bwana Modesti huyatia mayai ya kwanza alama ya mkaa, ili yale mageni yaondolewe. Mwaka 1937, wakaguzi walipokuwa wakitarajiwa, mwandishi wa maneno haya aliona mayai kumi na matatu, mengi yakiwa machafu, akayafuta yote kwa kitambaa. Bwana Modesti hakupaza sauti. Aliyapeleka moja moja katika ghala lenye giza, akayashika mbele ya tundu la msumari lililopenyeza jua katika bati. Yaliyoonyesha mishipa aliyarudisha kiotani; matatu yaliyokuwa maangavu yalikwenda jikoni. Kisha akasema, "Karani, usafi ni jambo jema. Lakini yai nalo lina mwandishi wake. Mwulize kabla hujafuta." Vifaranga kumi walitoka.

Limebaki jambo moja. Tarehe 18 Machi kuku mwekundu alianza kuatamia mayai kumi na moja. Siku ishirini na moja zitatimia tarehe 8 Aprili, na aliyestaafu haruhusiwi kuingia mabandani. Bwana Dionis, atakayeshika nafasi hiyo, ni mwangalifu, lakini kila akisogea kuku huyo huruka na kuyaacha mayai yapoe. Bwana Modesti ameomba aongezewe siku nane. Hakuomba zawadi wala hotuba. Aliniambia tu, "Sijapata kumwacha kuku juu ya mayai."

Ombi hilo nimeliandika kwa mkono wangu, nalo liko mezani kwa Bwana Mkubwa.

Bwana Modesti, tunakushukuru kwa uaminifu wako. Wewe na Bi. Rosalia mjaliwe afya, nyumba tulivu na uzee wenye heri. Uamuzi ukitolewa, nitawaandikia wasomaji. Kwa sasa nachungulia kiota kila asubuhi, nikiwa mbali. Alama za mkaa zote kumi na moja zipo, na kitambaa nimekiacha ofisini.

Yunusu Fakihi, Karani