Landrova Iliyoacha Kugonga

Ngo... ngo-ngo. Huo ndio mlio Theopista aliouzoea, saa tano, saa sita za usiku, landrova ya watafiti wa madini ikikata kona ya Runzewe kumleta mumewe, dereva wao, nyumbani, na kila ulipogonga mtoto alishtuka, na kila mtoto aliposhtuka yeye aliketi kitandani akijiambia: bado yu hai, bado yu hai. Kisha usiku wa Jumanne haukugonga. Gari lilikata kona kimya kama baiskeli, Ignas akaingia anacheka, eti leo mkuu wa kambi hakulalamika, na mtoto akalala mpaka asubuhi. Theopista peke yake ndiye aliyekosa usingizi, kwa sababu alijua ule mlio umekwenda wapi. Ulikuwa umezibwa kwa nusu ya mbeleko yake, na aliyeichana ile mbeleko ni yeye mwenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi akabeba bakuli la maandazi, mtoto wake Serafina mgongoni, akaenda kwenye benchi la kahawa. Benchi lenyewe lilikuwa mbele ya duka lililofungwa siku nyingi kwa kukosa bidhaa, maana ule ni mwaka wa themanini na moja, sabuni ilikuwa ya foleni na kipuri cha gari kilikuwa ndoto. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo nyumba ya wageni alikolala mkuu wa kambi. Landrova imeegeshwa pale mlangoni, Ignas anafuta kioo, vibarua wanasubiri kupanda. Mkuu akimaliza chai, wanaondoka.

— Mwangaluka, Mama Serafina! Leta maandazi, hapa watu wanakufa kwa ubishi!

Huyo aliyesalimia kwa Kisukuma alikuwa Mabula, fundi baiskeli, waliyemwita Redio kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, saa sita limeshasikika Ushirombo.

— Shikamooni.

— Marahaba. Wewe ndiye mwenye gari, tuamulie. Wiki mbili landrova inagonga kama mlevi mlangoni, tangu juzi kimya. Kumetokea nini?

— Mimi mambo ya magari siyajui, — alisema Theopista, akaanza kugawa maandazi.

— Mnamuuliza mtoto wa watu wakati mtaalamu yupo? — Aliyejitapa hivyo ni Pantaleo, utingo wa malori ya pamba kwa miaka kumi, ambaye kwa miaka hiyo kumi alijipandisha cheo mwenyewe akawa Injinia. — Ile ni tairodi, chuma kinachovuta matairi ukizungusha usukani. Kichwa cha tairodi kikilika kinacheza, kikicheza kinagonga kila ukikata stelingi. Sasa kiangazi hiki vumbi limeingia, limejaza pengo, limekaza. Barabara imelitengeneza gari lenyewe.

— Barabara hii? — Birika, muuza kahawa, alisimamisha mkono hewani. — Hii iliyomvunja mguu punda wa Otmar? Imejifunza ufundi lini?

— Wewe mimina kahawa.

— Namimina, lakini masikio sijayafunga.

Mzee Leodgar, aliyekuwa kimya pembeni ameunyoosha mguu wenye goti bovu, akakohoa. Huyo alifunga springi za malori Shinyanga mpaka goti lenyewe likamstaafisha.

— Tairodi haigongi vile, — alisema. — Tairodi inakutikisia usukani mkononi. Ule ulikuwa mlio wa ekseli. Ekseli ya mbele imekaa kwenye springi, springi imeshikwa na yubolti, bolti ile iliyopinda, na bushi, vile vipira vya kwenye pini. Bushi zikiisha, yubolti ikilegea, ukikata kushoto ekseli inasogea kwanza, ndipo tairi lifuate. Ngo. Ukirudisha kulia, nayo inarudi. Ngo.

Theopista alilishika bakuli kwa mikono miwili. Mtu huyu alikuwa kama ameingia chumbani kwake.

— Basi imeachaje? — aliuliza Injinia.

— Imeacha kwa kuwa kijana amepunguza mwendo. Na hata akienda hivyo hivyo atafika. Mimi mwaka wa sitini na saba nilitoka Didia mpaka Shinyanga, springi imefungwa kamba ya katani na gogo la mninga, naimba njia nzima.

— Juzi ulisema ulitoka Kahama, — alisema Birika.

— Kahama ilikuwa safari nyingine.

— Na gogo lilikuwa lile lile?

Wakacheka, na Theopista akatamani kulia, kwa sababu mzee alikuwa amelifikia jambo, akalishika, kisha akaliacha akaenda zake Didia.

Redio akasogea katikati ya benchi.

— Ninyi mnaongea vyuma, mimi naongea akili. Ekseli ndani ina nafasi, haina?

— Ina shafti, — alisema Injinia.

— Kando ya shafti?

— Kuna nafasi.

— Haya. Watafiti wanatafuta nini huku? Dhahabu. Kwenye kizuizi wanapekuliwa nini? Mifuko. Nani alishamwona polisi anapekua ekseli? Jiwe la dhahabu limo mle, jamani! Ukikata kona linabingirika, ngo! Juzi limeuzwa. Kimya!

— Wiki mbili unasikia dhahabu inabingirika, na bado unaziba pancha za watu? — aliuliza Injinia.

— Nilikuwa nachunguza!

— Mimi nasema chuma nacho kinachoka kulalamika, — alisema Birika akipangusa vikombe. — Mke wangu wa kwanza alilalamika miaka minne, siku moja akanyamaza. Nikafurahi sana.

— Ikawaje?

— Alikuwa ameshafunga mizigo.

Benchi zima likaangua kicheko. Ng'ambo, mkuu wa kambi alitoka barazani na kikombe chake, akasimama akinywa. Vibarua walianza kupanda. Theopista aliwahesabu, sita, mmoja wao kijana wa Febronia, jirani yake.

— Naomba kuuliza, — alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. — Kitu kikiacha kugonga, na hakuna aliyekitengeneza, ndiyo kimepona?

Injinia alifumbua mdomo, kisha akatia andazi. Redio alimtazama Birika, Birika akatazama ndani ya birika.

— Nani amesema hakijatengenezwa? — aliuliza Mzee Leodgar taratibu.

— Mimi. Mimi ndiye, Mzee, mimi Jumatatu usiku nilikaa kwenye usukani nikautikisa kushoto kulia kama kitabu cha gari kinavyosema, mimi ndiye ninayemsomea maana ni cha Kiingereza, na yeye amelala chini na tochi, ameweka vidole kila kiungo, akasema tairodi nzima, tikisa tena, akasema Mama Serafina, ekseli inatembea, bushi zimekwisha, yubolti inazunguka kwa mkono. Na mkuu alishaambiwa mara mbili, mkuu akasema stoo hakuna kitu, na akiisikia tena kelele ile anatafuta dereva mwingine. Ndipo akaniomba nguo nzito, nikachana mbeleko, nikaipaka grisi kwa mikono yangu hii hii, akaishindilia kwenye pini ya springi, ikanyamaza, na nilifurahi, Mzee, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu mtoto alilala.

Mtoto mwenyewe alikuwa akivuta kilemba cha mama yake, hana habari.

— Leo wanakwenda wapi? — aliuliza Mzee.

— Kilimani, upande wa Geita. Kuna ule mteremko wa korongo.

Mzee aliweka kikombe chini.

— Springi ikichomoka pale, ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Usukani unabaki mkononi kama sahani.

— Lakini Baba Serafina asijue ni mimi. Watamfukuza, na atajua nimemuuza.

— Akifukuzwa, atakuwa amefukuzwa akiwa mzima, — alisema Birika, na safari hii hakutania.

Mzee Leodgar akageuka. — Redio. Ile dhahabu yako bado imo?

Redio alikodoa macho, kisha kwa mara ya kwanza Theopista alimwona akielewa jambo bila kuambiwa mara mbili. Akaruka barabarani.

— Imo! Nasema imo! Naweka baiskeli yangu, asiyeamini aingie chini atazame!

Wakavuka wote watatu, Redio, Mzee na Injinia, wakipigana vikumbo kama walevi. Kutoka kwenye benchi aliona kila kitu. Mzee alishuka kwa goti bovu, akajilaza chini ya bampa. Injinia akajitia kwenye kiti cha dereva kabla Ignas hajamzuia, akautikisa usukani. Na mbele ya macho ya watu ekseli ikasogea, upana wa vidole viwili, tairi limesimama pale pale. Vibarua hawakusubiri kuambiwa. Waliruka chini wenyewe. Mkono wa Mzee ukatoka mweusi kwa grisi, umekunja kitambaa, ukaingia haraka ndani ya koti.

— Dereva gani wewe, hukagui gari? — Sauti ya mkuu ilifika mpaka kwenye kahawa. — Ungeniua! Lete ufunguo! Kesho usije!

Ignas alitoa ufunguo. Alishamwambia mtu huyu mara mbili, lakini hakusema. Angesema nini, na ule mnyamazo ameutengeneza kwa mikono yake? Alisimama tu, mikono haina kazi.

Watu walipotawanyika, alikuja akaketi kwenye benchi. Birika aliinamisha birika, kikatoka kijiko kimoja cha mashapo, akasema anakwenda kuteka maji, na akakaa sana huko.

— Mzee hakutafuta, — alisema Ignas. — Mkono wake ulikwenda pale pale. Kuna mtu alimwelekeza.

Theopista alikuwa ameshapanga uongo wa kusema. Alipomtazama, ukamtoka.

— Ni mimi, Baba Serafina.

Ignas hakugeuka.

— Ningekunyima ile nguo, — alisema Theopista. — Hilo ndilo nililopaswa kufanya. Ningekunyima usiku ule ule, tugombane ndani kwetu, ukasirike, ulale njaa, asubuhi ukatae safari. Nikakupa. Nikangoja siku tatu, nikaja kukuvua nguo barabarani. Sitajisamehe.

— Wanajua akina nani?

— Mzee, Injinia, Birika. Na Redio.

— Redio! — Ignas alishika kichwa. Kilitaka kuwa kicheko, kikakatikia njiani.

Mtoto alinyoosha mkono, akashika kidole cha baba yake. Ignas akamwachia.

— Miaka tisa ya usukani, — alisema. — Jana kwenye korongo nilikata kushoto, gari likaanza kwenda kulia. Kidogo tu. Bila mlio. Ningeusikia mlio ningejiandaa, Mama Serafina, lakini kimya. Leo nafuta kioo namwomba Mungu mkuu augue tumbo, mvua inyeshe, lolote. Nawaona wanapanda, mmoja, wawili, mpaka sita, na yule kijana wa Febronia ananisalimia, shikamoo kaka, namjibu marahaba.

Ng'ambo, mkuu wa kambi alikuwa anapiga teke tairi.

— Hilo wale hawalijui, — alisema Ignas. — Kwamba niliogopa, na bado ningewapeleka. Hata Mzee usimwambie. Padri nitamwambia mwenyewe. Mama yake yule kijana, usimwambie kabisa.

Theopista alimfungua mtoto mgongoni, akampakatisha mumewe.

— Sitamwambia mtu mwingine, — alisema.