Mwalimu Vénuste na Nafasi ya Gaju

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi huko mliko, Bugarama, Giheke, hadi Rwimbogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Vénuste Mukengere, aliyezikwa mwezi uliopita. Mwalimu Vénuste, mwalimu wa Kiingereza.

Alizaliwa Bukavu, akasomea Kifaransa. Aliporudi kwetu, nchi ya wazazi wake, shule zikageukia Kiingereza, naye akajifunza huku akifundisha. Zamani, akiandika ubaoni majina matatu, hakuweka alama ya mkato kabla ya ile "and" ya mwisho, yaani "na". Kisha mto Ruhwa ukafurika, ukamchukua Gaju, kitinda mimba wake. Mwili haukuonekana. Wasikilizaji, haukuonekana hadi leo. Tangu hapo mkato ule haukukosa ubaoni.

Mwalimu mwenzake, Munyemana, alimtania. "Mzee, Kiingereza kinakubali bila hiyo mkato. Wewe unavaa makoti mbili na hii joto ya Bugarama."

"Acha nitoke jasho," akajibu. "Wa mwisho naye apate nafasi yake."

Nyumbani, mkewe, Maman Nyirabahire, alimtazama tu. Kila jioni baada ya rozari, mzee aliwaombea watoto walio hai. "Byiringiro, Niyigena," kisha kimya. Maji yalisikika kwenye mifereji ya mpunga. Macho ya mzee yalikwenda mlangoni. "Na Gaju." Hakumtaja hata mara moja pamoja na marehemu. Maman hakuuliza. Kilichomwogopesha ni kwamba yeye naye alikuwa ameanza kutega sikio.

Siku ya kuondoa kilio, matanga yakiisha, katekista alimsogelea na orodha ya maombi. "Maman, kwa marehemu nisome Papa Vénuste pamoja na Gaju? Miaka imepita. Mutoto apumzike."

Wifi yake, Mukarugwiza, akadakia. "Soma tu. Kaka alikuwa anaacha mulango wazi mpaka kuku za jirani zinakuja kusali na sisi."

Watu wakacheka kidogo. Maman hakucheka. Kumtaja Gaju na marehemu ni kumzika bila mwili. Kumtaja na walio hai ni kurithi kule kungoja kwa mumewe, mpaka siku yake mwenyewe ya kufa.

"Kwa marehemu, soma Papa peke yake," akasema. "Batoto nitabaombea mimi."

Akasimama. "Byiringiro, Niyigena." Akanyamaza. Mukarugwiza mwenyewe aligeuza shingo, akatazama mlangoni. Njia ilikuwa tupu.

"Na Gaju," akasema Maman. "Bwana, popote uliko naye."

Maman Nyirabahire, Byiringiro, Niyigena, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayesikiliza, pengine unaye mmoja ambaye hujui umtaje upande gani. Mtaje hivyo hivyo. Usimpitishe haraka. Na ukijikuta unatazama mlango, usione haya. Ni sala hiyo pia.