Papa Anatole Anaiacha Meza ya Shuhuda

Baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi mitatu ya utumishi, Papa Anatole Bisimwa, karani wa kanisa letu hapa La Rochelle, Johannesburg, anastaafu leo Jumapili, tarehe 30 Juni 2019. Ana umri wa miaka sabini na miwili. Meno yake ni yake, macho ni ya miwani, na magoti yake ni mazima kuliko yangu, jambo ambalo nitalieleza.

Wazee wa kanisa wameniomba mimi, bibi yenu Koko Hélène wa jikoni, niandike maneno ya kumuaga katika kijarida chetu kwa sababu tumefanya kazi pamoja tangu siku yake ya kwanza. Shule sikuiona hata geti lake. Herufi nilifundishwa na yeye mwenyewe nikiwa tayari na wajukuu wanne, juu ya meza yenye maganda ya viazi, na alinigombeza bila huruma. Kwa hiyo makosa mtakayoyakuta humu mpelekeeni yeye.

Kabla ya kuja Johannesburg alikuwa karani wa korti kule Uvira. Kazi yake ilikuwa kuandika kile mashahidi walichosema, si kile walichotamani wangekisema. Vita vikamtoa Uvira, lakini korti haikutoka ndani yake. Hata leo husimama kwenye roboti, taa za barabarani, zikiwa nyekundu alfajiri, barabara tupu, hakuna hata paka, mpaka ziwe kijani. Wenzake wameshavuka, wamenunua mkate, wanarudi, yeye bado amesimama.

Mwaka 1998 kanisa letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, viti ishirini, na shuhuda nyingi kuliko viti. Kila Jumapili watu walisimama na miujiza yao. Huyu ameponywa mgongo, yule amekutana na malaika ndani ya lifti huko Hillbrow. Ibada ilikuwa ikiisha jioni, na chakula changu kimeganda kama sabuni. Ndipo Pasta wetu wa kwanza, aliyekuwepo kabla ya Pasta Hugues wa sasa, akaweka utaratibu: hakuna mtu kusimama na muujiza mpaka upite kwenye meza ya Papa Anatole, kwa neno la mashahidi wawili au watatu. Papa Anatole akaenda mjini kuchongesha mihuri mitatu: IMETHIBITISHWA, HAIJATHIBITISHWA, na RUDI NA SHAHIDI. Tangu hapo tukaanza kula chakula cha moto.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa kwanza kurudishwa. Nilifika mezani nikicheza, nikamwambia Bwana ameniponya goti.

"Goti gani, Koko?"

Nikajipiga hapa. "Hili!"

Akafungua ukurasa wa nyuma, polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya mwenzake. "Wiki iliyopita uliombewa goti la kushoto. Hilo ni la kulia."

Nikamwambia muujiza umehama. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka, aligonga RUDI NA SHAHIDI na kupuliza wino ukauke. Sikumsalimia siku tisa, na siku zote hizo sahani yake ilipata ukoko.

Ndugu Cédric, dereva, naye alishuhudia kwamba gari lake lilitoka Pretoria mpaka hapa bila petroli, mshale umelala kwenye sifuri safari nzima. Vigelegele vikapigwa. Papa Anatole akaomba funguo, akatoka nje, akarudi akifuta miwani. "Ndugu, tangi limejaa sasa hivi, na mshale bado umelala. Umelala tangu lini?" Cédric akajikuna shingo. "Tangu nilinunue, Papa."

Msidhani alikuwa mtu wa kukataa tu. Katika madaftari yake kumi na saba mna shuhuda elfu moja na mia tatu na ushee, na zilizothibitishwa ni kumi na moja. Mojawapo ni ya Mama Spès, dada yetu Mrundi, aliyeingia kwenye ofisi moja ya makaratasi ya wakimbizi asubuhi akatoka mchana wa siku ile ile, karatasi mkononi, jina limeandikwa sawasawa. Mashahidi walikuwa wanne, na wawili wao hata si wa kanisa letu. Papa Anatole aligonga muhuri ule, akapuliza wino ukauke.

Sasa nifike pale ambapo kazi hii ilikaribia kumponyoka. Wapo walioniambia nisiandike. Lakini nikilificha jambo lile nitakuwa nimeandika uongo juu ya Papa Anatole, na mimi si mjinga kiasi hicho.

Mwanzoni mwa mwaka jana Mama Victoire, msusi wa Rosettenville ambaye nusu ya vichwa vyenu vimepita mikononi mwake, alilazwa hospitali. Pasta Hugues, mwanangu mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, alitoka kumwombea akaja akatangaza madhabahuni: "Mama Victoire amepona!" Tangazo hilo halikupita mezani. Tuliimba, tulicheza, mimi mwenyewe niliacha sufuria nikacheza. Baada ya wiki tatu tulimzika. Binti yake Murielle, anayesomea uuguzi, hakukanyaga tena mlango wetu.

Akarudi siku ya Pasaka. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe moja Aprili, siku ya watu kudanganyana, na vijana walikuwa wamefanya utani wiki nzima. Ulipofika wakati wa shuhuda, Murielle akaenda moja kwa moja mezani. Kiswahili chake ni cha watoto waliozaliwa hapa, kinachechemea, lakini siku ile kilisimama wima.

"Papa Anatole, Koko Hélène ulimrudisha kwa ajili ya goti. Kufufuka kwa Yesu, kuna muhuri gani?"

Pasta Hugues akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga maji gizani. "Gonga, Papa, gonga tuendelee. IMETHIBITISHWA, si ndiyo?"

Papa Anatole akaandika tarehe. "Kesi imepokelewa. Binti yangu, uje Jumapili ijayo."

Baada ya ibada Pasta alimfuata jikoni, mimi nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, akamwambia bila kuzunguka: "Papa, Jumapili ukigonga muhuri mwingine, unakabidhi mihuri na meza papo hapo. Hakuna kuagwa, hakuna wimbo, hakuna kijarida." Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Ama agonge asichokiona abaki, ama aandike alichokiona aondoke kama mtu aliyefukuzwa, baada ya miaka ishirini.

Wiki ile alihamia jikoni kwangu kwa sababu ndiko kwenye meza kubwa. Akapanga Biblia nne, moja kila kona, akazifungua kwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana, akaanza kuwahoji kama walinzi waliolala zamu. Wanawake wangapi walikwenda kaburini? Mmoja anamtaja mwanamke mmoja, mwingine wawili, mwingine watatu, mwingine kundi zima. Malaika alikuwa mmoja au walikuwa wawili? Hawakubaliani.

Nikamwambia, "Basi waongo."

"Hapana, Koko. Kule Uvira mashahidi wakisema neno kwa neno sawa, hakimu anauliza nani aliwanywesha chai pamoja. Hawa hawakunyweshwa chai." Kisha akakunja uso. "Lakini Mathayo na Luka wamemwangalizia Marko sehemu nyingi. Na kuangalizia si kushuhudia."

Akaja kwa Paulo, anayeandika kwamba watu zaidi ya mia tano walimwona Bwana kwa mara moja. Mimi nikashangaa: mia tano, na hata mmoja hakupata kalamu? Papa Anatole akasema hilo ndilo swali, akaliandika. Kilichomsumbua kuliko vyote ni wale wanawake. Akanieleza kwamba zamani zile neno la mwanamke kortini lilikuwa jepesi, na mtu anayetunga habari ili aaminiwe hachagui shahidi wa namna hiyo. Luka mwenyewe anakiri kwamba wanaume waliposikia waliona wale mama wanapayuka tu. Nikamwambia hilo lisimchoshe, gonga IMETHIBITISHWA, wanaume ni wale wale.

Jumapili ya tarehe nane kanisa lilijaa mpaka kwenye gereji. Walikuja hata watu wa kanisa la Troyeville, ambao kwa kawaida hutuona sisi ni wapiga kelele. Papa Anatole akasimama na daftari, akasoma kwa ile sauti yake ya kortini.

"Kwamba Yesu aliishi na akauawa: hata waandishi wasiokuwa rafiki zake wanasema hivyo. IMETHIBITISHWA. Kwamba rafiki zake walisadiki kabisa kuwa wamemwona baada ya kufa, na hawakurudi nyuma: IMETHIBITISHWA. Kwamba alitoka kaburini akiwa hai: hakuna aliyeandika kwamba alikuwa mle ndani akaona. Vitabu viliandikwa miaka mingi baadaye. Paulo peke yake anaandika kwa mkono wake kwamba alimwona, naye hasemi alilifikia kaburi. Wengine tunawasikia kwa midomo ya watu. Karani anafika mlangoni mwa kaburi. Ndani hana ruhusa." Akagonga. "HAIJATHIBITISHWA."

Eish! Mama Léocadie alivua kiatu, na sijui alitaka kumpiga nacho nani. Pasta Hugues akapaza sauti: "Papa! Umemzika Yesu mara ya pili!"

"Hapana, Pasta. Sikusema imekanushwa, muhuri huo sikuchongesha. Mimi naamini amefufuka. Naamini kila asubuhi nikifungua macho. Lakini kuamini kwangu si shahidi. Ningekuwa na karatasi yake, ningeamini nini tena? Ningejua tu, kama ninavyojua saa ya basi."

Pasta akanyoosha mkono. "Mihuri."

Papa Anatole akaikabidhi yote mitatu, hakubishana, akaanza kufuta wino vidoleni kwa leso. Nami nilikuwa nimeshashika mwiko, Mungu anisamehe, sikuwa nimeushika kwa ajili ya kupika.

Murielle ndiye aliyesema, "Ngojeni. Papa, nifungulie ukurasa wa mama."

Akamfungulia, akamwachia asome mwenyewe. Akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi karibu. "Tarehe kumi na moja Februari. Pasta ametangaza Mama Victoire amepona. Nimekwenda hospitali. Hajapona. Anaogopa. Anataka uji wa muhogo. HAIJATHIBITISHWA." Chini yake, tarehe nyingine: "Uji umepelekwa." Na nyingine: "Uji umepelekwa." Mara tisa. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ya siku aliyokufa.

Uji ule niliupika mimi. Nilidhani anakunywa Papa Anatole mwenyewe, na nilikuwa nimeshawaambia mama wenzangu kwamba mzee ameanza ulafi. Nawaomba mlifute neno hilo.

Murielle akafunga daftari. "Ninyi wote mlicheza. Huyu alikwenda kuangalia."

Pasta Hugues alitazama mihuri mkononi mwake, na hapa namsifu, maana wengi wangetafuta mstari wa Biblia wa kujifichia. Akairudisha mezani mmoja mmoja. "Papa, niandike na mimi. Nilitangaza bila shahidi." Watu walikuwa wanaanza kulia, na Papa Anatole, mtu yule yule, akachukua kalamu akauliza: "Tarehe gani, Pasta?"

Murielle mpaka leo hajasema kama anaamini. Hatumuulizi. Lakini tangu Jumapili ile amekuwa akija, anaketi kando ya meza, anachambua shuhuda kama mchele wenye mawe, na kuanzia leo meza ni yake. Wapo walionung'unika kwamba mtu asiyejua kama anaamini hawezi kushika meza ya miujiza. Papa Anatole aliwajibu kwamba karani haulizwi anaamini nini, anaulizwa ameona nini. Wiki iliyopita Murielle alimrudisha Pasta mara mbili kwa ushuhuda mmoja, na Pasta alirudi na mashahidi, kwa adabu, akiwa ameshika kofia. Tuko katika mikono salama.

Papa Anatole, asante. Asante kwa vyeti vya ndoa ulivyoviandika bila kukosea jina la bibi harusi hata mmoja, kwa barua za kusindikiza maiti waliorudishwa kuzikwa nyumbani, kwa herufi ulizonipa. Asante kwa kutunyima vigelegele tulivyovitaka. Tumesikia unahamia kwa binti yako Sonia, kule juu kilimani, mtaa wa Observatory, na wajukuu watakusemesha Kizulu nawe utawajibu Kiswahili mpaka mmoja wenu achoke. Sitakuambia upumzike kwa amani, hilo ni la siku nyingine na liwe mbali. Tunakuombea miaka mingi, miguu yenye nguvu, na mtu wa kukupikia vizuri, ingawa kama mimi hutampata.

Na Jumapili ijayo uje uketi katikati yetu, mikono mitupu, uimbe kwa sauti yako hiyo mbaya kwamba amefufuka. Hakuna atakayekuuliza umejuaje.