Mzee Baadaye na Ukurasa wa Makosa

Wasifu wa mpendwa wetu, mpangaji miji mstaafu, unaosomwa na binti yake mkubwa siku ya mazishi, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa na mama yake alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulikuwa na bomba moja la maji, na kila asubuhi ndoo zilizagaa hadi njia ikaziba. Akiwa na miaka kumi, alichukua chaki ya kushonea ya mama yake, akachora chini mistari ya kupangia ndoo, akaacha na nafasi ya kupita mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Kina mama walimcheka, kisha wakaifuata ile mistari. Jioni alichapwa. Alichapwa kwa sababu ya chaki, si kwa sababu ya mistari, na hilo alihakikisha kila mjukuu wake analielewa vizuri.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha sekondari ya bweni hadi 1967. Huko mwalimu wa jiografia aliwaagiza wachore ramani ya shule, naye akachora na bweni ambalo halikuwepo. Alipoulizwa liko wapi, alijibu, "Bado, mwalimu." Alipewa sifuri. Bweni lilijengwa miaka ishirini baadaye, tena upande mwingine kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Mwaka 1969 aliingia chuo cha ardhi kujifunza uchoraji wa ramani, na baadaye alipata shahada ya mipango miji, Novemba 1980.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa na halmashauri ya mji kama mchoraji ramani, katika chumba chenye meza moja ndefu na dirisha lisilofunguka. Alipanda ngazi moja moja hadi mwaka 1991 alipokuwa Mkurugenzi wa Mipango Miji. Mji ulikuwa unafura kama unga uliotiwa hamira, na kila mtu alitaka jibu la leo. Ukimletea hoja yoyote kikaoni, iwe ya kituo cha mabasi au ya taa za barabarani, aliisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza, "Na baadaye?" Madereva wa halmashauri wakampa jina la Baadaye, likamganda kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa mpango kabambe wa miaka thelathini. Aliuzunguka mji kwa miguu kwa miezi kumi na minne, soli mbili za viatu zikaisha, ndipo akakaa chini kuchora. Barabara mnazopita, shule zilizoachiwa viwanja vya kutosha na soko la mashariki vilianzia kwenye penseli yake. Ila alichokipigania kuliko vyote ni kitu ambacho hakikujengwa. Chini ya vilima vya kaskazini kuna bonde refu, na kwenye ramani yeye alilipaka kijani akaliacha tupu. Alisema vilima vile vikishajaa nyumba, maji ya mvua yatahitaji pa kupita, na maji hayaombi kibali. Kila mwaka alikuja mtu na sababu nzuri ya kulikata viwanja. Kila mwaka alikataa.

Ndoa yake ilitokana na takwimu. Mwaka 1975, akiwa anakusanya hesabu za watu, alikuwa akipita kila mwezi kwenye zahanati kuuliza watoto wangapi wamezaliwa. Mkunga aliyekuwa akimpa daftari alivumilia miezi saba, wa nane akamwambia, "Kila mwezi unauliza wamezaliwa wangapi. Mimi naitwa nani, hujauliza hata siku moja." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1976. Walijaliwa watoto wanne, na mkubwa wao, aliyezaliwa mwaka 1977, ndiye anayewasomea wasifu huu.

Binti huyo alikuwa kipenzi cha baba, na wadogo zake wamempa ruhusa ya kulisema mbele za watu. Alikuwa anakaa chini ya meza ya ramani akimchongea penseli. Alipoolewa, yeye na mume wake walinunua kiwanja kwa dalali mwenye karatasi zilizojaa mihuri, wakajenga haraka kabla baba hajaja kukagua, kwa sababu walitaka kumshangaza. Na kweli alishangaa. Nyumba kumi na saba zilikuwa zimeingia ndani ya ule ukingo wa kijani wa bonde, na ya kumi na moja ilikuwa ya mwanawe.

Mpima ardhi wake, rafiki wa miaka mingi ambaye yupo hapa leo, alimwambia faraghani kwamba mstari ule ungeweza kusogea kwa unene wa risasi ya penseli na pasiwe na mtu wa kugundua. Marehemu alimjibu, "Nikimsogezea mwanangu, kesho nitamsogezea kila mwenye baba." Tarehe 3 Mei 2006 karani wa halmashauri alipita na barua kumi na saba za kubomoa. Ile iliyofika kwa binti yake ilianza hivi: "Ndugu Mmiliki wa nyumba namba 11." Chini kulikuwa na sahihi ambayo binti huyo aliifahamu tangu kwenye ripoti zake za darasa la kwanza.

Nyumba ilibomolewa mwezi Julai, na yeye, mume wake na mtoto wao wakahamia vyumba vya kupanga. Nyumba iliuma, lakini uchungu wake uliisha. Barua ndiyo iliyobaki kooni. Tangu siku hiyo, kila walipokutana kwenye shughuli za familia, alimwamkia baba yake kwa adabu zote, "Shikamoo, Mkurugenzi." Naye aliitika marahaba kama kawaida. Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, na binti yake akaendelea kumwita Mkurugenzi, mwaka hadi mwaka. Mama alijaribu kuwapatanisha kwa chai, kwa kununa na kwa kuwapangia kiti kimoja kwenye picha za familia, akachoka.

Februari 2021 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitakiwa kusafishwa damu hospitalini kila Jumanne na Ijumaa, na binti yake mkubwa alijitokeza kumpeleka kabla hajaombwa. Siku ya kwanza, alipokuwa anamfunga mkanda wa gari, alisema, "Baba, inua mkono kidogo." Wote wawili walilisikia hilo neno, na wote wawili wakatazama mbele. Kwa miaka miwili na nusu walizungumza kila kitu njiani. Walizungumza kuhusu korido ya hospitali, ambayo yeye aliona ni nyembamba mno kwa machela mbili, na kuhusu wajukuu na bei ya saruji. Barua haikutajwa hata mara moja. Binti aliamini kwamba kumpeleka hospitali kulitosha kuwa jibu.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Septemba. Alifariki Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake mkubwa akiwa anamnyoosha shuka miguuni. Aliondoka taratibu sana, na mkunga aliyeona watu wengi wakiingia duniani alijua kabla yetu kwamba ameshakwenda.

Sasa kuna jambo ambalo kamati ya mazishi ililijadili kwa saa mbili. Jumatatu tulifungua jalada lake na kukuta wasifu wake ameshauandika mwenyewe, mwaka jana, tarehe ya kifo ameiachia nukta nukta. Baada ya sehemu ya kazi aliweka ukurasa wenye kichwa "Makosa", na pembeni akaandika kwamba usirukwe. Baba mdogo alisema tunazika mtu, hatusomi ripoti ya ukaguzi. Mama akasema, "Huyu mtu aliwapangia ninyi mji miaka thelathini. Ukurasa mmoja mtamwachia." Kwa hiyo tunausoma, kwa maneno yake:

"La kwanza. Nilikadiria kwamba mji utafikisha watu milioni moja mwaka 2010. Walifika mwaka 1999. Mke wangu aliniambia kina mama wanajifungua kuliko hesabu zangu, nikamwonyesha jedwali.

"La pili. Soko la mashariki nililipanga na vyoo vinne. Wanawake wa soko waniwie radhi.

"La tatu. Bonde ni lazima libaki wazi, na hilo sitalibadilisha hata kaburini. Mafuriko hayajafika na huenda nikafa bila kujua kama nilikuwa sahihi. Lakini barua ile nilipaswa kuipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, nibishe hodi, nimwite mwanangu kwa jina lake. Niliogopa kuuona uso wake, nikamtuma karani, nikajiambia huo ndio uadilifu. Ulikuwa woga. Sasa ananipeleka hospitali kila Jumanne na Ijumaa. Sijui kama amenisamehe au ananitunza tu kwa kuwa ni wajibu. Sijathubutu kumuuliza."

Ukurasa unaishia hapo. Binti yake aliusoma kwa mara ya kwanza Jumatatu, siku moja baada ya muda wa kumjibu kupita, na anaumia sana kwa hilo. Ameomba ajibu hapa, mbele yenu.

Mwaka 2007, mwenye duka aliyekuwa jirani yake kwenye vile vyumba vya kupanga alimwambia kuna mzee amesimama getini karibu nusu saa, ameinua mkono kugonga mara mbili, akaushusha, akaondoka. Alikuwa ameacha dukani kitanda kipya cha mjukuu wake, kilichochongwa na seremala kwa vipimo alivyochora yeye. Mjukuu alikuwa na miaka mitatu. Kitanda kilikuwa na urefu wa futi sita na nusu. Kilijaza chumba hadi mlango ukawa unafunguka nusu, na binti yake akakikalia akacheka peke yake, kisha akalia. Alimsamehe siku ile ile. Kiburi kikamzuia kusema, na akaendelea kumwita Mkurugenzi kwa miaka kumi na minne ambayo haikuwa na sababu yoyote. Hilo ni kosa lake yeye, na anaomba liandikwe chini ya yale matatu.

Marehemu ameacha mjane, mkunga mstaafu; watoto wanne; mdogo wake mmoja; na wajukuu tisa. Mkubwa wa wajukuu sasa ana miaka kumi na tisa. Amempita babu yake kwa kimo, bado analala kwenye kitanda kile, na miguu yake haijafika mwisho.

Apumzike kwa amani, baba yetu, akijua kwamba alisamehewa zamani.