Makopo Yaliyolazwa Ubavu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, tuliyezoea kumwita Mama Makopo, naye mwenyewe aliacha agizo kwamba nisimpambe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma mpaka darasa la nane, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa kuosha vyombo katika maabara ya kilimo, chumba cha nyuma chenye sinki mbili na kabati bovu.

Tarehe 14 Juni 1973 alisahau kopo la uyoga kabatini, limelala ubavu, na kesho yake akakuta mashina yote yamepinda gizani, kofia zimesimama sawasawa, lakini mkuu wa maabara, kijana aliyetoka chuoni juzi, akamwambia, "Mwanga umevuja ukayavuta, binti, rudi kwenye sinki," akarudi, ila neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akisaka kifuniko kisichopitisha hata uzi wa mwanga alimpata fundi bati, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakidhani kila nyumba huzungumza mezani jinsi shina la uyoga linavyouhisi uvutano wa dunia, likarefuka zaidi upande wa chini mpaka lisimame, ili vumbi la mbegu lidondoke bila kukwama, na kwamba hata ukikata kofia, shina bado linajua njia.

Kwa miaka hamsini, kazini na baadaye chini ya kitanda chake, alilaza makopo mia mbili na kumi na mawili, yote akayaandika daftarini, na mkuu hakubadilisha wimbo.

Tarehe 3 Machi 2023 alipatwa na kiharusi, daktari akamtaka alale atulie, akajibu, "Laza maiti, daktari, mimi bado," akawa anajiinua kwa mkono mmoja, na tarehe 11 Mei mkuu, sasa mzee mstaafu, alipokuja kumjulia hali, shangazi alimpa kopo la uyoga, akamwambia alifunge mwenyewe, alilaze, aje kesho, mzee akaja, akafungua, akayageuza-geuza mashina yaliyopinda mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Dada, nilikosea," naye akamjibu, "Usiniambie mimi, andika," mkuu akaandika ukurasa wa mwisho wa daftari, lile pale mezani.

Alifariki tarehe 29 Mei, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameketi.

Tunamshukuru daktari aliyevumilia ulimi wake, majirani waliompatia fimbo ya kutembelea, wenzake wa maabara, na mkuu, aliyekaa pale nyuma, kwa kuandika.

Leo tunakulaza, na ni mara ya kwanza hubishi. Pumzika kwa amani, shangazi, na ukichoka kulala, njia ya juu unaijua.